Jasusi wa Mara Moja

Dada mtu aliwaita wadogo zake wawili wa kiume kwa jambo moja tu: nani amchukue baba. Jumatatu yeye dada alikuwa anafanyiwa upasuaji wa mgongo, na daktari alishamkataza kuinua hata ndoo kwa mwezi mzima, sembuse mzee wa kushikwa kila anapoinuka. Begi la baba lilikuwa tayari mlangoni.

Basi wanaume wale wakakuta televisheni inaonyesha filamu ya yule jasusi maarufu ambaye kila baada ya miaka huigizwa na mtu mwingine, na mambo yakaharibikia hapo.

"Wa kwanza ndiye jasusi mwenyewe," alisema mwalimu, ambaye nyumbani kwake vyumba viwili vilikuwa vitupu. "Akiinua nyusi tu, adui kishanywea. Huyu wa sasa ni baunsa."

"Wako anapita kwenye moto na suti haina hata kunyanzi," alijibu fundi umeme, kitinda mimba wao. "Huyu akipigwa anaumia, unaamini."

"Na yule mcheshi je?"

"Yule alikuwa anauza sura."

Dada alisimama mbele yao, taulo begani. "Nimewauliza habari za baba."

"Tunakuja huko, dada," alisema mwalimu bila kugeuka.

Walikuwa wanakuja huko tangu chai ilipoandaliwa. Dada alichemka. Saa ya mkononi ya kila jasusi waliijua, lakini dawa anazomeza baba asubuhi hakuna aliyewahi kuuliza.

Mara mzee akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mimi nilimpenda yule aliyeigiza mara moja."

Wanawe wakacheka. "Yule hata hahesabiwi, baba."

"Alifanya yake, akaondoka watu hawajamchoka."

Akajiinua kwa kushika ukuta, akajikongoja hadi mlangoni, akalishika begi. "Haya, naondoka na nani?"

Mwalimu akamtazama fundi. Fundi akaitazama televisheni.

Dada alimfuata baba yake, akamshika mkono. "Nimechoka, baba, sikufichi. Lakini sijakuchoka wewe."

Kisha akamnyooshea mwalimu kiganja. "Lete funguo za gari. Nampeleka kwako mimi mwenyewe, na kitanda nitakitandika mimi, kwa mgongo huu huu. Nyinyi malizieni filamu yenu."

Mwalimu akazitoa funguo.