Injini Lililozaliwa Nayo

Wendell Sobczak alilifuta vumbi gari lake kwa mara nyingine, ingawa vumbi lenyewe halikuwepo. Lilikuwa Redtail la mwaka sabini, toleo maalumu, la rangi ya chungwa lenye mstari mweusi mgongoni, na yeye ndiye aliyelitoa dukani likiwa jipya, wakati huo kijana mwenye nywele nyingi kuliko akili. Kiwanda kiliunda mia chache tu, kikaacha. Leo, kwenye viwanja vya maonyesho nje ya Toledo, jaji angeamua kama liitwe halisi, yaani kila kilichomo ni kile kile lililozaliwa nacho. Wendell hakutaka kuliuza. Alitaka neno hilo tu, na kwa kulitaka hakuwa amelala.

"We mzee, utaitoboa hiyo rangi," alisema Clete Vanhoose, akitafuna mkate wenye soseji kitini, chini ya mwavuli. Clete alikuwa fundi wake wa injini na rafiki yake tangu shule. Walisimamiana harusi, wakazikiana wazazi.

"Rangi ya kiwandani hii, bwana. Haijawahi kurudiwa."

"Ungemwangalia mkeo Marlys hivyo, asingekuacha, leo usingekuwa unajipikia."

"Kula soseji yako."

Watu wasiojua hudhani magari haya hupendwa kwa mbio zake. Wapi! Gari la leo la kupelekea watoto shule laweza kuliacha Redtail kwenye mataa bila hata kujikaza. Wanaoyatafuta hutaka lililo adimu, na zaidi ya hapo hutaka lisilodanganya. Rangi kuukuu ya kiwandani huishinda mpya inayong'aa, na anayelipaka gari upya kwa mapenzi huwa ameliua kwa mapenzi. Kubwa kuliko yote ni injini. Kwenye chuma chake kiwanda kiligonga namba inayolingana na ya bodi, na zikilingana utaona watu wazima wanafuta machozi.

Jaji alikuwa Joanne Prater, mama mwembamba mwenye ovaroli safi. Aliinama chini ya boneti na tochi na kioo kidogo chenye mshikio mrefu, kama cha daktari wa meno. Alikaa humo mpaka Wendell akaanza kukohoa bila kikohozi.

"Zinalingana, sivyo?" akauliza, tabasamu likiwa tayari.

"Namba zinalingana, mzee wangu." Hakuinua kichwa. "Tatizo ni chuma chenyewe. Mashine ya kiwandani huacha mikwaruzo myembamba hapa, yote ya upande mmoja. Hii imesagwa ikaisha, ndipo namba ikagongwa upya. Kwa mkono."

"Haiwezekani, mama. Injini hii haijawahi kutoka kwangu, ila mara moja tu, alipoitengeneza..."

Akageuka. Clete alikuwa ameacha kutafuna. Haradali ilikuwa inamchuruzika kiganjani, naye haifuti.

Wendell akajua. Alimshika mkono, akamvuta hadi nyuma ya kibanda cha tiketi.

"Sema."

"Wen, ni zamani hayo, bwana."

"Sema!"

Clete akasema. Msimu ule alipoletewa injini aitengeneze, gari lake mwenyewe la mashindano liliharibika injini kabla ya fainali. Ya Wendell ilikuwa pale kwenye karakana, imekamilika, inameremeta. Akaiazima. Ikampa ushindi, na alipovuka tu mstari ikapasuka, isiweze kuungwa tena. Akatafuta nyingine ya aina ile ile kwenye yadi ya magari mabovu, akaisaga, akaigonga namba ya Wendell.

"Nilitaka kukwambia. Halafu ukaja kuichukua umefurahi vile. Nikashindwa."

"Siku ile ya kombe nilikuwepo," Wendell alisema polepole. "Nilishangilia mpaka sauti ikakauka."

"Ulikuwepo."

"Nikakubeba mabegani, Clete."

Clete alitazama viatu vyake. "Ulinibeba."

"Injini yangu imekufa pale, inatoa moshi, mimi nimekubeba! Na wewe unanyoosha kombe juu!"

"Lakini linakwenda vilevile, Wen. Hata vizuri zaidi."

Wendell alikuwa hajawahi kumchukia mtu namna ile. Injini ilimuuma, lakini mabega yalimuuma zaidi. Angeibiwa na mgeni angelia akanyamaza. Huyu alikula mezani kwake kila Jumapili, akamsikia akijisifu injini ile mbele ya wageni, akatikisa kichwa kukubali. Alimwacha pale pale na mwavuli wake, hakuaga hata jaji, akawasha gari akaondoka.

Kwenye taa nyekundu, pikapu ilisimama ubavuni mwake. Dereva akashusha kioo, mkewe akachungulia begani kwake.

"Mzee, hicho chuma, salaam! Injini ni ile ile lililozaliwa nayo?"

Wendell alifungua mdomo aseme ukweli. Alitaka kuusema.

"Ile ile," akajibu. "Haijawahi kubadilishwa."

Jibu lilimtoka laini, bila kukwama, kama lilivyokuwa likimtoka Clete miaka yote. Mwenye pikapu akamwinulia kofia kwa heshima. Taa ikawa kijani, na Wendell alibaki amekanyaga breki, huku walio nyuma wakianza kumpigia honi.