Shibiri Moja kwa Siku

Jumatano, saa tatu kasorobo asubuhi, Nyevu alipanda ukingo wa dirisha la ghorofa ya tatu, Ndia Kuu, mkono mmoja umeshika kitambaa chenye sabuni na wa pili umeshika ubao wa dirisha. Chini yake Athmani muuza kahawa alikuwa akimimina kikombe cha nne. Wiki hiyo mgeni mmoja alikuwa ameandika mtandaoni kwamba nyumba ni nzuri, kitanda kizuri, mahamri mazuri, lakini madirisha ya juu yana vumbi kwa nje. Akaipa nyumba nyota tatu. Bi Becky, mwenye nyumba hiyo ya wageni, alizisoma zile nyota jikoni kwa sauti, kisha akamtazama Nyevu.

Ubao ulikuwa umeoza. Nyevu akaanguka.

Akaanguka shibiri moja, akabaki hapo hapo hewani. Athmani aliinua macho, akaona nyayo mbili, akasogeza birika lake pembeni kwa heshima, akaendelea kumimina. Nyevu alikaa hivyo kutwa na usiku kucha. Kesho yake, saa ile ile ya tatu kasorobo, akashuka shibiri ya pili.

Ngowa, fundi wa kuchomelea vyuma kule Makadara, alikuja na futi yake akapima kutoka miguuni pa Nyevu hadi njiani.

"Zimebaki shibiri thelathini na sita," akasema.

"Basi nimepewa siku thelathini na nane kwa jumla," akajibu Nyevu kutoka juu.

Walijaribu kumvuta, msidhani hawakujaribu. Wanaume sita walirusha kamba kutoka nyumba ya mkabala wakavuta mpaka ikakatika, naye hakusogea hata unywele. Ikaonekana kuwa anayeanguka ana njia moja tu, ya chini.

Katika nyumba hiyo ya mkabala alikuwa akifanya kazi Winnie, shoga yake Nyevu. Ndia Kuu ni nyembamba, nyumba zinatazamana machoni, kwa hiyo Winnie alikuwa akimpelekea chai kwa kikapu kilichotundikwa kwenye mti wa ufagio wa utando, na kikapu kilirudi na simu ya kutiwa chaji. Winnie ndiye pia msimamizi wa kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa nyumbani, Madirisha ya Ndia Kuu. Wanawake hao wana mtindo wao. Kila alfajiri kila mmoja hutoa salamu, na asiyeonekana hadi saa moja hupigiwa simu, kwa sababu mtu anaweza kuugua katika chumba cha uani na wenye nyumba wasijue mpaka chai ichelewe.

Alhamisi ile Nyevu alitoa salamu kabla ya wote. "Mwaamkaje, wenzangu? Mimi nimeanguka ila sijafika."

"Pole, dada," wakaandika. "Usiku hukupata baridi?"

Haya, hilo la mtu kukaa hewani lilizoeleka siku mbili tu. Mji huu umeona mengi. Kilichowaacha watu midomo wazi ni cha siku ya kumi na mbili, Nyevu alipofika usawa wa madirisha ya ghorofa ya pili. Bi Becky alifungua dirisha, akamwamkia vizuri kabisa, akamnyoshea kitambaa.

"Nyevu, maadamu uko hapo, hebu nifutie na haya."

Na Nyevu akayafuta. Wallahi akayafuta, mpaka pembeni, kwa sababu mkono uliozoea kazi hauulizi. Winnie aliyaona yote kutoka ng'ambo. Athmani alikuwa na kikombe mkononi, akakishika vile vile mpaka kahawa ikapoa, na mteja wake hakukidai.

Jioni hiyo Nyevu aliwaeleza wenzake jambo alilokuwa akilifikiria. Nikifika chini na dirisha lile liko wazi, aliandika, nitakuwa nimeanguka kweli. Lakini likitiwa grili kabla sijafika, basi sikuanguka, maana hakuna mtu aangukaye kutoka dirisha lenye grili. Wote walilisoma wakaona lina akili. Ngowa hata hakungoja kuombwa. Alichomelea grili usiku ule ule, akaipaka rangi nyeupe, na asubuhi akaileta begani bila ya kutaka hata senti.

Bi Becky aliigusa rangi kwa kidole.

"Kazi safi, Ngowa. Lakini itaharibu picha. Wageni wanakuja kwa ajili ya dirisha lile, liko wazi, pazia linapepea. Ngojeni msimu uishe."

"Msimu unaisha lini, Bi?"

"Miezi miwili tu hivi."

Nyevu alikuwa amebakiwa na siku ishirini na tano. Ngowa aliiegemeza grili ukutani karibu na mlango, akitumaini kwamba kuiona kila siku kutamlainisha yule mama. Siku ya tatu Bi Becky aliilaza juu ya matofali mawili akapanga vyungu vya maua juu yake.

Ndipo Winnie alipoandika kwa hasira, huku akipiga herufi kama anayekuna nazi: "Kuanzia kesho hakuna kupanda dirisha bila leso ya kanga kiunoni, na ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Piga picha ya fundo, itume hapa. Fundo lisipoonekana, twakupigia." Asubuhi yalikuja mafundo kumi na tisa. Chini ya kila picha mtu aliandika, "Fundo limeonekana," na baada ya wiki hakuna aliyefikiria kupanda dirisha kwa njia nyingine.

Picha zile zilitoka Ndia Kuu zikaingia Makadara, zikavuka hadi majumba makubwa ng'ambo ya daraja. Mwikali, anayesafisha ofisi za bandarini, alituma fundo lililofungwa kwenye kabati la mafaili. Huzaifa wa Biashara Street alianza kushona leso mbili pamoja kwa uzi wa turubali akaziita leso za dirisha, nazo zikaisha dukani mara tatu. Dada mmoja wa Kibokoni aliteleza akaning'inia nusu saa, akavutwa ndani akiwa mzima. Kundi zima lilishangilia, na Winnie akalia kwa furaha juu ya kapu la nguo za kupiga pasi.

Wenye nyumba nao walifurahi. Mzee Abdulghafur, aliyekuwa ameshamwita Ngowa apime madirisha yake manane, alimpigia simu kumwambia asije. "Mbona hawa wana leso zao?" alisema. "Nitoboe ukuta wa babu yangu kwa nini?" Mpaka mwisho wa mwezi hakuna grili hata moja iliyotiwa mji mzima, na Ngowa akarudi kuchomelea mageti. Winnie alipozipata habari hizo aliketi kitandani. Alikuwa amewaondolea wenye nyumba aibu yao, kwa mkono wake mwenyewe.

Alivuka njia akaingia kwa Bi Becky bila hodi.

"Bi, zimebaki siku sita. Grili ndiyo hiyo mlangoni. Ngowa yuko tayari saa hii."

"Winnie, mimi niko pamoja nanyi," akasema Bi Becky, na kweli uso wake ulikuwa na huruma. "Nimemnunulia Joy leso ya dirisha. Ile nzuri, ya Huzaifa."

Joy ni mdogo wake Nyevu. Alikuwa ameitwa kutoka Kaloleni kushika kazi kwa kuwa dada yake hayuko kazini. Winnie alitazama juu ngazini, akasikia ndoo ikiburutwa. Nje Nyevu naye aliinua kichwa akaona visigino anavyovijua kwenye dirisha la ghorofa ya pili.

"Joy! Shuka hapo!"

"Nimefunga, dada," Joy akajibu. "Nimeshatuma picha."

Siku ya thelathini na nane wanawake walitandika magodoro kumi na moja chini ya Nyevu, na Athmani akaondoa meza yake. Saa mbili na nusu lilifika gari la wageni, na Bi Becky akaomba magodoro yasogezwe kidogo masanduku yapite, kisha yakarudishwa. Saa tatu kasorobo Nyevu alishuka shibiri ya mwisho. Nyayo zake ziligusa godoro polepole, akasimama wima, akatabasamu.

"Ahsanteni," akasema. "Kumbe ni..."

Hapo zile shibiri thelathini na nane, mita tisa nzima, zikamfikia zote kwa pamoja.

Hospitalini daktari aliandika kuwa ameanguka kutoka ghorofa ya tatu. Alipouliza lini, Winnie akasema leo, kwa kuwa hakujua jibu jingine. Nyevu alizikwa kwao Kaloleni kesho yake. Bi Becky alitoa gari, akaja mwenyewe, akalia machozi ya kweli. Kaburini alimshika Winnie mkono.

"Lakini siku thelathini na nane, Winnie," akasema, akijifuta macho. "Siku zote hizo, hakuona kitu cha kushika?"

Winnie aliuchomoa mkono wake, akaenda kusimama karibu na Joy.

Jumatatu, saa tatu kasorobo, Joy alifunga leso kwenye mguu wa kitanda cha ghorofa ya tatu akatuma picha. Nusu ya dirisha ilikuwa safi, nusu ilikuwa bado na vumbi pale dada yake alipoishia. Akapanda. Ng'ambo ya njia Winnie aliandika, "Fundo limeonekana," akasimama dirishani bila kumwondolea macho. Chini, Bi Becky alikuwa akimwagilia maua, na maji yakichuruzika kwenye grili.