Hodi ya Nne

Usiku wa jana niliota kwamba ilikuwa Jumanne, saa tatu kamili asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakinyesha ndani ya ukumbi wa halmashauri. Nje kulikuwa kukavu. Hakuna aliyeona ajabu. Tulifungua miavuli, tukaendelea na kikao.

Nieleze kwanza hali halisi, ili ndoto ieleweke. Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Mwezi uliopita fedha za huduma za wazee zilipunguzwa, na wahudumu wetu wa majumbani, waliokuwa kumi na wawili, wakabaki wanne. Niliagizwa kuandika mwongozo wa kuwawezesha wanne kufanya kazi ya kumi na wawili. Niliandika ukurasa mmoja. Kipengele cha tatu kilisema: “Mhudumu apige hodi tatu. Asipoitikiwa, aende nyumba inayofuata.” Nilikionea fahari kipengele hicho. Kila aliyelelewa vizuri anajua kwamba hodi ni tatu, kisha unaondoka. Mwongozo ulianza kutumika jana, Jumatatu.

Katika ndoto, madiwani ni milango. Imeketi vitini kwa utulivu, mingine na makomeo yake. Mmoja umekuja bila fremu na unaomba radhi. Kiti cha mwenyekiti kimekaliwa na muhuri wa mpira, mkubwa kama mtungi.

“Ajenda ya kwanza,” muhuri unasema. “Hodi za ziada.”

Ninasimama na kusoma. “Kila mkazi ametengewa hodi tatu. Hodi ya nne haina kifungu katika bajeti.”

“Wanaoafiki?”

Milango yote inafunguka, isipokuwa mmoja wa kijani ulioketi nyuma kabisa.

“Na wewe?” muhuri unauuliza.

“Mimi namsubiri mwenye nyumba avae kofia,” unajibu mlango wa kijani.

“Imepokelewa,” unasema muhuri, na hoja inapita.

Ninakabidhiwa gunia tupu ili nikazikusanye hodi za nne zote. Sijatoka ukumbini, lakini sasa nimesimama kwenye kona ya nyumba za zamani za reli. Milembe yuko pale na chupa yake ya uji. Milembe ni mmoja wa wale wahudumu wanne, mkubwa wangu kwa miaka ishirini.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, Afisa. Umekuja kuzichukua.”

“Nimeagizwa.”

“Na nani?”

Natazama karatasi. Sahihi ni yangu. “Na mimi,” najibu.

“Basi huna wa kumlalamikia.”

Anafungua pindo la kanga yake, anatoa hodi ya nne. Ni ndogo, na ina joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

“Hii ni ya Mzee Kasanda,” anasema. “Ishike vizuri. Hodi ya kwanza humwamsha. Ya pili humketisha. Ya tatu humtafutia kofia. Hii ndiyo anayoiitikia.”

“Kwani hawezi kuitikia akiwa amelala?”

“Alipunga bendera za reli miaka thelathini na moja. Hajawahi kupokea treni akiwa kitandani. Unadhani ataanza na wewe?”

“Lakini yeye ni mgonjwa.”

“Upande wa kulia umepooza. Ndiyo maana kofia inachelewa.”

Naona aibu kidogo, kwa hiyo natafuta hoja. “Dada, mila zetu wenyewe zinasema hodi ni tatu.”

“Tatu ni za mgeni, mdogo wangu. Mgeni akiona kimya, anajua hatakiwi. Mimi ni mgeni? Mimi ndiye ninayemwogesha.”

Naitia hodi guniani, na gunia linakuwa zito kunishinda mimi mwenyewe. Naliburuta hatua mbili. Hatua ya tatu inanikuta mbele ya mlango wa kijani.

“Tulionana kikaoni,” mlango unasema. “Umekuja na ngapi?”

“Tatu.”

“Haya. Anza.”

Nagonga na kupiga hodi ya kwanza. Ndani, kitanda kinalia.

“Ameamka,” mlango unatangaza, kama kipaza sauti cha stesheni.

Napiga ya pili. “Ameketi.”

Napiga ya tatu. “Anatafuta kofia. Iko kwenye msumari. Mkono haujafika.”

Nasimama. Nasikia kiganja kikipapasa ukuta, taratibu, kikishuka kidogo na kupanda tena.

“Kusubiri hakumo kwenye mwongozo,” mlango unanikumbusha. “Nyumba inayofuata iko kushoto kwako.”

Nafungua gunia na kuichukua hodi ya nne. Kabla sijaifikisha kinywani, ardhi inafumuka na muhuri unachomoza kama uyoga.

“Hiyo unaitumia kwa kifungu gani?”

“Ustawi wa jamii.”

“Kilifutwa.”

“Nani alikifuta?”

“Soma sahihi,” muhuri unasema bila ukali.

Hodi inapoa mkononi mwangu, kisha inakuwa kokoto. Nagonga mlango kwa mkono mtupu. Mkono usio na hodi hautoi sauti. Nagonga hata vifundo vinauma, na manyunyu ya ukumbini yananifuata mpaka pale, yananinyeshea mimi peke yangu.

Ndipo nasikia sauti kutoka ndani. Ni ya kizee, lakini imenyooka, kama sauti ya mtu aliyekwisha kuvaa.

“Karibu, mwanangu. Niko tayari.”

“Hiyo ni karibu hewa,” muhuri unasema. “Haina hodi yake. Irejeshwe kwa mwenyewe.”

Mlango unashusha sauti na kuelekea ndani. “Samahani, mzee. Hapa nje hakuna mtu.”

Nami nimesimama pale. Nina mwavuli, nina viatu, nina stashahada. Natoa daftari la kazi, natafuta jina lake, na mbele yake naandika kwa mwandiko safi: “Mzee hakupatikana.”

Niliamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vifundo vya mkono wangu wa kulia vilikuwa vimechubuka, na ndani ya mikwaruzo kulikuwa na vumbi la rangi ya kijani. Mlango wangu ni wa chuma, wa rangi ya kahawia. Kwa Mzee Kasanda sijawahi kufika. Nilimjua kama mstari wa kumi na tisa kwenye orodha.

Nilimpigia simu Milembe.

“Dada, mlango wa Mzee Kasanda una rangi gani?”

“Kijani. Reli walimpa kopo la rangi siku aliyostaafu. Hilo ndilo jambo ulilonipigia simu mapema hivi?”

“Jana ulipita kwake?”

“Nilipita. Nilipiga tatu nikaondoka, kama ulivyoandika. Nilipofika kwenye kona nilimsikia akinikaribisha. Nilikuwa bado na nyumba kumi na nne, Afisa. Sikurudi.”

Haya ndiyo yaliyofuata leo.

Milembe alijaza chupa yake uji na kwenda kwenye nyumba zake zote, hodi tatu kila nyumba. Sikumlaumu. Waliobaki ni wanne, na hataki wawe watatu.

Mimi nilikwenda kwa miguu hadi nyumba za reli na kupiga hodi nne. Ya nne iliitikiwa. Mzee Kasanda alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kofia kichwani, na fulana ya jana. Alisema hakuivua kofia usiku kucha, kwa sababu treni iliyochelewa haitoi taarifa. Nilimwogesha vibaya, kwa kuwa sijui kazi hiyo, na uji niliomletea ulikuwa na mabonge. Aliumaliza. Aliuliza mwongozo ule ulitoka kwa nani, nikamwambia ulitoka kwangu. Alifikiri, akasema hata ratiba ya reli iliwahi kukosewa, na watu walilala stesheni.

Saa nne nilikuwa ofisini. Niliandika barua ya kuomba kipengele cha tatu kifutwe na wahudumu warejeshwe, nikaipeleka masjala. Karani aliigonga muhuri: IMEPOKELEWA. Akaiweka juu ya nyingine.

Jioni nilipita tena kwa Mzee Kasanda kumweleza kwamba jambo lake linashughulikiwa. Alinishukuru. Alisema nisihangaike sana, amekwisha kulipatia ufumbuzi: kuanzia leo atakuwa analala na kofia, ili hodi tatu zimtoshe.