Majina ya Kabla ya Jando

Mwaka mzima nilichekwa. Nikitoka kufundisha hapa Nachingwea, nakaa na kompyuta yangu naandika kitabu cha ukoo wetu kwa namna yangu: kila neno nalifunga kwa alama zake. Hili jina la utoto, hili la ukubwani, huyu mama, hiki kijiji. Sura ya kurasa, yaani zitakavyoonekana, sikuigusa humo. Hiyo niliiweka kwenye faili jingine dogo, lenye amri tu: jina la ukubwani liwe nene, mama aanze mstari mpya, kijiji kifuate kwa herufi ndogo. Amna, binti wa mama mdogo, mwenye steshenari Ruangwa, alisema najitesa bure. Yeye hupanga kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na kazi zake zinapendeza, simnyimi haki yake. Lakini maneno yale yaliniuma.

Mjomba Harithi, mkubwa wa ukoo, alishatoa masharti. Jumamosi ukoo wote unakutana kwake Chinongwe. Kitabu kikimridhisha, mimi ndiye mtunzaji wake maisha. Kisipomridhisha, madaftari yangu yote anapewa Amna. Miaka mitatu nimezunguka hadi Kilimarondo kuyajaza majina ya ukoo yale madaftari, ningeyatoaje?

Ijumaa asubuhi nikampelekea nakala ya kwanza. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wake, akakunja uso. Akakifunga kitabu.

Jamani, nilifanya nini mimi! Chini ya jina lake nilikuwa nimechapa jina lake la kabla ya jando. Silitaji hapa, nina akili zangu. Kwetu mtu akishatoka jandoni au unyagoni, lile la zamani halitamkwi tena. Ukimwita nalo umemtukana. Nami nilikuwa nimetukana watu zaidi ya mia sita kwa mpigo, wengine marehemu. Niliyaandika kwa sababu Bibi Sikuzani, mama yake mjomba, kwa majina hayo ndivyo anavyowakumbuka watu aliocheza nao, na bila hayo ningewachanganya. Kwamba yatachapwa, sikuwaza hata kidogo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Amna alikuwepo, amekuja kusaidia mapishi. Akamwambia mjomba kwa upole kwamba kuyafuta majina yote hayo na kupanga kurasa upya ni kazi ya wiki mbili. Alisema kweli, kwa kazi anavyoijua yeye. Mjomba akanyoosha mkono apewe madaftari.

"Nipe hadi magharibi, mjomba," nikasema.

Nikakaa barazani, nikafungua lile faili dogo. Nikaongeza mstari mmoja: jina la utoto lisionekane. Kompyuta ikakipanga kitabu upya. Kumbe nimewafuta na watoto, maana wao jina ni hilo hilo moja! Nikacheka peke yangu kama chizi. Nikaurekebisha mstari: lisionekane kwa wale tu wenye jina la ukubwani. Kurasa mia na themanini na nne zikawa mia na sabini na moja, na orodha ya yaliyomo ikajirekebisha yenyewe. Sijagusa jina hata moja. Chai niliyoletewa ilikuwa bado ya moto.

Printa ya karibu ni ya nani? Ya Amna. Tukapanda bodaboda moja hadi Ruangwa. Kurasa zilipoanza kutoka, akaokota moja, akaigeuza, akaniuliza kama kweli ni mstari mmoja tu. Nikamwonyesha. Akanijalidia kitabu kwa mikono yake mwenyewe, jalada gumu, na kabla ya magharibi kikawa kwa mjomba.

Jumamosi mjomba alikisoma mbele ya ukoo mzima, akiita jina moja moja. Aliyeitwa akaitika, marehemu wakaitikiwa na watoto wao. Nilisimama nyuma. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Kitabu kinakaa kwa Shamimu," akasema. "Mwenye mtoto ambaye hajaandikwa, amfuate yeye."

Vigelegele vikapigwa, na mimi nikalia hadharani bila aibu. Foleni ikaanza hapo hapo. Wa kwanza alikuwa Amna, na kichanga chake mgongoni. Alitaka kiandikwe Asumini, na alitaka aandike yeye mwenyewe, kwa alama zile zile. Nikampisha kiti.