Boksi Halirudi Tupu

Mke wangu Pamela alizaliwa Mbamba Bay, kando ya ziwa, na miaka yote tuliyokaa Bombambili, hapa Songea, alikuwa akiamka na kuniambia amelisikia ziwa. Mimi nilisikia upepo tu kwenye mikaratusi. Alipoanza kuugua kifua, baridi ya Juni ikiwa imeushukia mji, alitaka kitu kimoja: blanketi la buluu aliloliona kwenye kitabu cha picha cha Majaliwa.

Majaliwa alikuja kutoka Kigoma serikali ilipofungulia biashara huria. Duka lake lilikuwa kaunta na kile kitabu, basi. Unachagua picha, unalipa, yeye anaagiza kwa tajiri mmoja wa Kariakoo, na mzigo unakuja kwa basi. Pamela aliweka kidole juu ya picha akakiacha hapo, kama mtu anayepima ubaridi wa maji.

"Hili ndilo," alisema. "Ziwa kabla jua halijapanda."

Boksi lilipofika tulilifungulia kitandani. Blanketi lilikuwa la kahawia. Pamela alilitazama, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Wameniletea shamba," alisema.

Nikalibeba hadi dukani.

"Baba Agape, mimi ni mdomo tu," Majaliwa alisema. "Kosa ni la Dar. Nauli ya kurudisha ni ya mwenye mzigo."

"Mwenye mzigo ni nani? Sikuagiza kahawia."

"Limeshafika kwako, ni lako."

"Lingekuwa langu ningelirudisha?"

Polikarp, kondakta wa basi la Dar, alikuwa ameegemea kaunta akinywa soda. "Msinitazame mimi," alisema. "Gari halijui rangi. Na yule tajiri naye husema mzigo ukishavuka kizingiti chake hauna mama wala baba."

Nikaamua kulipa nauli mwenyewe. Wao walikuwa na muda wa kubishana. Pamela hakuwa nao.

Nilipomwambia, aliinuka kitandani. Alikunja lile blanketi polepole, akalirudisha ndani ya boksi. Kisha akafungua gunia, akachota maharage ya shambani kwetu, akayafunga kwenye kipande cha kitenge, akayalaza juu.

"Mama Agape, unafanya nini?"

"Chombo cha watu hakirudi kitupu."

"Hawa si majirani. Hawa wametukosea!"

"Kwani jirani hakosei? Akikukosea, chombo chake unakirudisha na mawe?"

Stendi, boksi lilipopandishwa kwenye mizani, Majaliwa alicheka mpaka akashika kiuno. "Wallahi, nyie Wangoni! Mtu kawauzia kosa, mnamrudishia na mboga juu! Haya, uzito umezidi, na nauli imepanda."

Niliona haya. Lakini maharage sikuyatoa.

Halafu tukangoja. Kila asubuhi ukungu ulisimama mlangoni kama mgeni asiyetaka kubisha hodi. Agape, binti yetu, alikaa miguuni pa mama yake ili kumpasha joto, na Pamela alituambia habari za maji: jinsi yanavyopanda magotini bila haraka, jinsi kokoto zinavyoonekana chini kama mayai. Siku nyingine sikujua kama anakumbuka au yuko huko tayari.

Polikarp alikuja mwenyewe nyumbani, boksi begani.

"Tajiri alikataa," alisema akilitua. "Alisema hajui mambo ya kurudisha, nipakie tena nije nalo. Mama yake, Bi Mwanaheri, alikuwa nyuma ya duka anachambua mchele. Akakiona kitenge, akakifungua. Akamwambia mwanawe, 'Watu wa Songea wametuletea chakula, na wewe unataka chombo chao kirudi na aibu?' Tajiri akanywea kama mtoto. Akalishusha la buluu rafuni, na nauli ya kuja huku akalipa yeye."

Ndani ya kitenge kulikuwa na tende. Blanketi lilikuwa la buluu nzito, si ile ya kwenye picha. Nilimfunika Pamela nalo hadi kidevuni.

"Ndilo?" nikauliza.

Alifumba macho.

"Si lenyewe," alisema. "Hili ni la jioni." Kisha akalivuta hadi shavuni. "Lakini ni ziwa."

Alilala chini ya maji hayo mpaka mvua za kwanza zilipogonga bati. Kisha akaenda.

Tulipomaliza matanga na ndugu zake wakarudi Mbamba Bay, nyumba ikawa kubwa. Boksi lilikuwa juu ya kabati, kitenge kimekunjwa ndani. Mkono wa mwisho kulijaza ulikuwa wa Bi Mwanaheri, nasi hatukuwa tumerudisha kitu. Nikachota maharage aliyoyachambua Pamela, yaliyobaki, nikalijaza.

Stendi, Majaliwa hakucheka. Alinishikia ncha ya kamba nikafunga.

"Kuna kosa gani safari hii, Baba Agape?" Polikarp aliuliza.

"Hakuna kosa. Narudisha chombo."

Nikatia mkono mfukoni nitoe nauli, Polikarp akautoa kwa upole. Boksi hakuliweka kwenye buti. Alilipandisha akaliweka karibu na kiti chake, na basi likaingia ukunguni kuelekea Njombe.

Usiku huo nilijifunika blanketi kwa mara ya kwanza. Asubuhi, kabla sijafumbua macho, nililisikia ziwa.