Ini la Enoka

Mwaka ule wa nzige, Enoka alikufa pale Iyula akiwa wa manjano kama papai bivu. Machozi hayajakauka, kaka yake Boazi akatangaza kwamba amerogwa na mkewe. Ferista, mke mwenyewe, akaambiwa afungashe vyombo arudi kwao, awaache watoto na mibuni. Boazi aliwapenda sana wale watoto. Mibuni aliipenda zaidi.

"Apasuliwe," Boazi alisema. "Uchawi huonekana tumboni."

"Apasuliwe," Ferista akajibu. "Ila dresa, yule tabibu wa misheni, awepo."

Mzee Lwitiko, mpasuaji wa ukoo, akafungua tumbo nyuma ya nyumba, ndugu wote wameziba pua. Ini likatoka limejaa vinundu vyeupe, kama mtu kapanda njugu ndani yake.

Boazi nusura acheze ngoma. "Si niliwaambia? Haya shemeji, kapu lako lile pale!"

Ferista akamgeukia dresa. Mwaka mzima mumewe alikuwa akitoa damu chooni, naye Ferista hakuwa na kingine cha kujitetea nacho. "Dresa, damu ya chooni na ini vinahusianaje?"

Dresa Andongwisye akakunja mikono ya shati. Akayainua matumbo, akawaonyesha mishipa myembamba inayotoka kwenye utumbo mpana, ikikutana na kuwa mmoja mnene, unaozama kwenye ini.

"Damu ya huku hairudi moyoni moja kwa moja. Hupitia kwanza kwenye ini. Ugonjwa ukiota utumboni, mbegu zake husafiri nayo." Akapapasa utumbo, kidole kikasimama. Akachana. Uvimbe mgumu, wenye kidonda, ulikuwa umeubana utumbo kama pete. "Huyu ndiye mama. Vya kwenye ini ni watoto wake. Ni kansa, si uchawi. Angeletwa mapema, labda angekatwa akapona."

"Nilitaka kumleta," Ferista akasema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Nani alituzuia, shemeji? Nani alisema ni bawasiri tu, mwanamume havuliwi suruali misheni, kahawa inangoja kuchumwa?"

Hata mama mzazi wa Boazi akamgeukia mwanawe kwa hasira.

"Ferista haondoki," Lwitiko akasema, akipangusa kisu. "Na aliyesingizia anaijua kazi yake."

Desturi yao ilikuwa hivyo: anayedai uchawi nao usionekane, ndiye hurudisha matumbo na kumshona marehemu. Boazi akapiga magoti, akashika sindano. Akatapika, akaendelea. Wengine walipotaka kuondoka, Ferista akawazuia. Akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie akatabasamu.

"Taratibu, shemeji," akasema. "Hapo umeruka. Fumua, uanze upya."