Barua ya Fundi wa Lifti

Fundi wa lifti alikuwa mteja pekee wa ofisi ya ushauri aliyefika ghorofa ya tano kwa ngazi, tena akiwa na mkoba wa spana begani. Mkoba ule haukuwa na kazi yoyote. Tangu ajali, miezi minane iliyopita, hakuwa amegusa hata nati moja. Ila mkewe alikuwa amemwambia kwamba akitembea bila mkoba anapepesuka kama mtu aliyeteremka chombo kikiwa mwendoni, basi akawa anaubeba tu.

Ilikuwa Jumatano. Meneja wake alikwisha kutoa kauli, tena mbele ya watu: Ijumaa ailete barua ya mshauri inayothibitisha kwamba yuko tayari kurudi kazini, la sivyo Jumatatu ahamie stoo, akawagawie wenzake boliti kupitia kidirisha. Miaka kumi na tisa ya ufundi, kisha kidirisha! Ndiyo maana hata salamu zilimshinda.

"Dada, leo unaniandikia?"

"Karibu kwanza, fundi. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Unaniandikia?"

"Tutaizungumza barua leo leo, nakuahidi. Mlango tuufunge au tuuache wazi?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa yule dada, afisa wa ustawi wa jamii aliyesomea kuwahudumia watu waliovunjwa mioyo na mambo makubwa. Kila kitu alikuuliza wewe: mlango, kiti, dirisha, hata kama asogeze saa ya ukutani isikukodolee macho. Katika vikao viwili vilivyopita hakumwuliza fundi hata mara moja kilichotokea ndani ya lile shimo la lifti. Fundi alikuwa ameshalisimulia tukio hilo kwa polisi, kwa watu wa bima na kwa meneja, mpaka likawa linamtoka mdomoni kama jedwali la kuzidisha. Alipotaka kulikariri na hapa, dada alimwambia, "Utasimulia siku ukitaka mwenyewe. Si sharti." Fundi alijihisi kama mtu aliyevaa vizuri akaambiwa harusi imeahirishwa.

"Uwe wazi," alisema, akachukua kiti kilicho karibu na mlango. Hakukikalia. Alikishika mgongo.

Chumba kilikuwa kipya kwao. Kile cha siku zote, mwisho wa ujia, kilikuwa kinapakwa rangi, na dada alikuwa amepigania hiki kwa sababu kilikuwa kimya, hakipitiwi na watu, kina meza moja na ukuta mweupe usio na dirisha upande wa kushoto. Alikuwa akieleza jinsi barua za namna ile zinavyoandikwa pale ukuta ulipokohoa.

Tak. Tak-tak. Kisha mkwaruzo mrefu.

Fundi alikaza vidole. Ghorofa ya tatu. Tak. Ya nne.

"Fundi? Uko nami?"

"Niko."

"Niambie vitu vitano unavyoviona hapa ndani. Polepole, hatuna haraka."

"Meza. Saa. Kalamu. Viatu vyako." Tak-tak. "Breki."

"Breki?"

"Breki ya lifti yenu imekwisha, dada! Huisikii? Iko hapo hapo nyuma ya ukuta!"

Afisa akageuza shingo kuutazama ule ukuta mweupe, na uso ukamsawijika. Alikuwa ameuchunguza mlango, mwanga na viti, akasahau kuuliza kilichoko upande wa pili. Alikuwa amemchukua mtu aliyeponea chupuchupu katika shimo la lifti, akamweka hatua mbili kutoka shimo la lifti.

"Nimekosea," alisema. "Nilipaswa kukagua. Samahani sana. Tuhame sasa hivi, hata tukakae uani."

"Sisi tutahama. Lifti haihami!" Fundi alikuwa ameanza kuzunguka meza. "Mle ndani wanapanda watu. Nimemwona mama mjamzito anaingia. Wewe utasema ni woga wangu, nivute pumzi, nihesabu mpaka kumi…"

"Sijasema hivyo. Mimi sijui lifti. Huenda ni breki, huenda ni mwili wako unaikumbuka ile siku. Wewe unaonaje?"

Fundi akasimama wima. Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia miezi minane, barabarani, kitandani, bafuni. Fundi wa lifti hula kwa masikio yake. Kama hawezi kutenganisha breki mbovu na hofu yake mwenyewe, basi meneja ana haki, na stoo ndiyo saizi yake.

"Sijui," alisema. "Kusema kweli, dada, sijui."

"Na mtu akitaka kujua, hufanya nini?"

"Hufungua kifuniko akatazama."

Msimamizi wa jengo, ambaye wapangaji walimwita Mzee Funguo kwa jinsi funguo zake zilivyolia kama njuga kila anapopita, aliitwa kwa simu. Alifika akihema na kulalamika.

"Lifti hii mimi naijua kama mke wangu. Inanung'unika kila siku na hakuna siku imeniangusha."

"Mzee wangu, nakuomba tu uzime swichi kuu, dakika ishirini," afisa alisema. "Lawama zikija, nitazibeba mimi."

"Na wa ghorofa ya sita wapande na nini, ungo?"

Hata hivyo alizima, shingo upande, akabandika karatasi mlangoni mwa lifti, akawaongoza hadi juu kabisa, penye chumba cha mashine. Mlango wa chuma ukafunguka. Harufu ya grisi ikatoka, na fundi akarudi nyuma hatua tatu.

"Si lazima," afisa alisema kwa sauti ya chini. Hakumgusa. "Tunaweza kumwita fundi mwingine. Wewe ndiye unayeamua, na ukibadili nia ukiwa katikati, tunatoka."

"Na huyu ndiye atakayetutengenezea?" Mzee Funguo alishangaa. "Mbona anatetemeka kama jeli?"

"Mzee, ushike mlango huo," fundi alisema. "Usiuachie hata ukiwashwa na pua."

Akajikaza, akaingia. Alithibitisha kwanza kwamba umeme umekatika. Akapiga magoti, akafungua mkoba, akalegeza boliti za kifuniko cha breki moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule aliofundishwa akiwa kijana. Akamulika kwa tochi. Akapapasa. Akamulika tena.

Breki ilikuwa nzima. Bitana zake, vile vipande vinavyobana gurudumu, zilikuwa nene, hazina ufa wala alama ya mafuta. Kando yake, bati la kukinga vumbi lilikuwa limepoteza boliti moja, likawa linagongagonga na kukwaruza kila mtambo unapozunguka.

"Kumbe bati tu!" Mzee Funguo akaangua kicheko. "Bati limetupandisha ngazi zote hizi!"

Fundi hakucheka. Alitamani ingekuwa breki. Laiti ingekuwa breki, angeshuka kifua mbele, na barua ingejiandika yenyewe. Akaketi sakafuni, hapo hapo kwenye vumbi, akafunika uso. Afisa alimwomba mzee akatafute boliti, akaushika mlango yeye mwenyewe.

"Asubuhi ile niliisikia," fundi alisema kutoka nyuma ya viganja. Haikuwa ile hadithi aliyowapa polisi. "Kabla hatujaingia kwenye shimo. Nilimwambia Kijiti, mwenzangu, breki haijatulia. Akanicheka, akasema masikio yangu yana mimba, kila siku yanatamani kitu. Nikanyamaza, nikaogopa kuonekana mwoga. Saa nne kizimba cha lifti kikamshukia, kikamuua. Tangu hapo kila lifti naisikia inasema vilevile."

Afisa hakumwambia kwamba si kosa lake. Aliushikilia mlango kwa bega. "Umelibeba peke yako muda wote huo," alisema.

"Peke yangu. Hata mke wangu hajui." Akainuka, hakuweza kukaa tena. "Dada, toa karatasi. Andika."

"Tuandike nini?"

"Andika kwamba kazi ya mikono naiweza. Kwenye shimo bado siingii. Na masikio yangu yanahitaji mtu wa pili wa kuhakikisha, mpaka yatulie. Na kwamba nitaendelea kuja hapa."

"Hilo la Kijiti?"

"Usiliandike."

"Halitoki hapa bila ruhusa yako." Aliandika akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza mlangoni, akamsomea kila sentensi. Moja fundi aliikata.

"Meneja atakataa," alisema.

"Huenda. Nimpigie mimi?"

"Nitampigia mwenyewe, kabla ubaridi haujaniingia."

Simu ikaita muda mrefu. Fundi alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akamweleza meneja barua itasema nini na haitasema nini. Upande wa pili karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Mtu wa pili nitamtoa wapi mimi?" meneja aliuliza. "Unajua tulivyo wachache?"

"Najua, bosi."

"Na nikikupeleka stoo?"

"Nitakwenda. Lakini usiniingize kwenye shimo kwa kuwa nimekudanganya."

"Subiri hapo hapo," meneja alisema, akamwita mtu ofisini kwake, akamwuliza ni fundi gani ana nafasi kuanzia Jumatatu. Fundi alisubiri, simu sikioni, akiendelea kutembea.